Waya Nyuma ya Kiti cha Dereva

Kwa miaka kumi na sita gari la baba yangu lilioza chini ya migomba, na kwa miaka hiyo yote ufunguo wake haukutoka kiunoni mwake. Aliufunga kwa kamba ya kiatu kwenye mkanda wa suruali. Sabato akienda kanisani, ufunguo ulikwenda naye. Akienda kuchuma kahawa, ulikwenda naye. Kuku wakataga ndani ya gari, panya wakazaa kwenye viti, watoto wakavunja kioo cha nyuma kwa manati, mvua ikala sakafu mpaka nyasi zikaota pale penye miguu ya dereva. Mzee alipita hapo kila alfajiri akienda kukamua, na hakugeuza shingo.

Watu wa Kiogoro walisema Mzee Josiah Ongeri anatunza kumbukumbu. Mimi, mwanawe Ogari, nilisema anatunza kosa. Lakini nilisema kwa watu wengine. Yeye mwenyewe sikuwahi kumwambia neno.

Sababu naijua kwa saa na kwa hatua, kwa sababu mama yangu, Drusilla, alinisimulia mara moja tu na mimi nikisikia kitu huwa hakitoki.

Aprili 1960. Mke wangu Nyanchera alishikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza, na ilipofika saa nne asubuhi mkunga akatoka nje akipangusa mikono akasema mtoto amekaa vibaya, huyu ni wa hospitali. Hospitali iko Kisii mjini, maili sita. Na hatua thelathini kutoka mlangoni pa nyumba yangu lilisimama gari la Morris, jeusi, lenye petroli nusu tangi, gari la pekee kwenye mlima wote ule, na mtu aliyejua kuliendesha alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akinywa uji. Lakini mtu huyo alikuwa baba mkwe wake.

Asiyetoka kwetu hapa atauliza, sasa shida iko wapi. Kwetu kuna haya tunayoiita chinsoni. Baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hamgusi mke wa mwanawe, hakai naye kiti kimoja, hatazami kitanda chake, na habari za uzazi wake hazisemwi mbele yake hata kwa mafumbo. Wala hakuna aliyeiandika mahali popote ukaweza kwenda kuifuta. Na ndani ya Morris ndogo vile, aliye mbele na aliye nyuma wanapumuliana shingoni. Mwanamke anayejifungua, mkwewe akiwa usukani. Wazee waliokuwepo siku ile waliinamisha vichwa kabla hata mtu hajasema.

Kwa hiyo mzee akainuka kwenda kutafuta dereva mwingine. Alimjua mmoja tu, Onchiri, aliyeendesha lori la mahindi na kukaa Keumbu. Akafunga milango ya gari kama alivyozoea, akatia ufunguo mfukoni, akashika njia ya Keumbu kwa miguu, akiipa mgongo hospitali.

Onchiri hakuwa Keumbu. Onchiri alikuwa anatoka mjini kwa baiskeli kupitia njia ya mkato, na nusu saa baada ya mzee kuondoka akapita langoni petu, akasikia wanawake, akaingia. Dereva kamili, amesimama kando ya gari. Ufunguo unatembea kuelekea Keumbu ndani ya mfuko wa suruali.

Walimbeba kwa kitanda. Mvua ikawapata. Alijifungua mtoni, chini ya majani ya ndizi yaliyoshikiliwa na wanawake, na mtoto akalia vizuri tu. Damu ya mama haikukoma. Walipofika maili ya tatu walikuwa wamebeba maiti na mtoto mchanga.

Mzee alirudi saa kumi jioni bila dereva.

Na mimi? Nilikuwa mahabusu Kericho. Nilikuwa nimewakusanya wachuma majani chai nyuma ya kambi bila kibali, nikawasomea hesabu ya ratili wanazoibiwa kwenye mizani. Sikupita darasa la tatu. Kusoma kwenyewe nilijifundisha kwa magazeti yaliyofungiwa sukari, lakini mizani nilijua kuisoma. Habari ya msiba ilinifikia siku ya nne. Nilipofika nyumbani udongo ulikuwa umeshakauka juu.

Hebu fikiria. Mimi niliyemwambia mwenye shamba wa kizungu usoni kwamba ni mwizi, mimi niliyemkatiza chifu barazani mara tatu, mbele ya baba yangu ulimi ulikufa. Maana kumuuliza ningelazimika kutaja uchungu wa mke wangu, na mwana hamtajii baba yake kitu hicho. Chinsoni ileile iliyomuua Nyanchera ndiyo iliyoniziba mdomo nisiulize amekufaje. Nikaimeza hasira mwaka baada ya mwaka. Uhuru ukaja, bendera ikapanda, wale waliokuwa makarani wa chifu wakawa wenyeviti wa chama cha kahawa, nikapigana nao wote. Nikirudi nyumbani napita kando ya gari lile na kuku wake, natema mate.

Mtoto yule aliitwa Bosibori. Mama yangu ndiye aliyemlea. Mwaka 1976, likizo ya Aprili, alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili upande wa Sironga, mrefu kama mama yake, mbishi kama mimi. Alirudi na kitabu cha fizikia kilichokuwa na mchoro wa injini iliyopasuliwa katikati kama papai, akanifuata shambani.

"Tata," akaniambia, maana hivyo ndivyo tunavyomwita baba, "lile gari lilikufa au liliachwa?"

Nikamwambia liliachwa.

"Basi tuliwashe."

Sitadanganya kwamba nilifurahi kwa sababu nzuri. Nilikuwa nimefanya kazi ya utanboi, yaani utingo, kwenye malori kwa miaka sita baada ya Kericho kunifukuza, injini nazijua. Lakini nilichokiona siku ile hakikuwa gari. Nilimwona baba yangu akifungua kamba ya kiatu mbele ya watu. Gari likiwa zima na likakosa ufunguo tu, atafanya nini? Atalazimika kuutoa, na akiutoa atalazimika kusema kwa nini aliondoka nao. Ningeweza kuunganisha nyaya mbili nikaliwasha bila ufunguo. Kila tanboi anajua. Sikutaka. Nilitaka utoke kiunoni mwake kwa mkono wake.

Tukaanza kwa kufukuza kuku. Bosibori akapenya kwenye kile kioo cha nyuma kilichovunjika, akafungua milango kwa ndani.

Injini ilikuwa imeshikana. Tulitoa plagi, tukamimina mafuta ya taa kwenye silinda, tukaacha siku tano, kila jioni Bosibori akijaribu kuzungusha kwa hendeli mpaka mikono ikavimba. Siku ya sita ikasogea upana wa kidole, naye akacheka peke yake kama mwendawazimu. Kabureta tulikuta imejaa matope ya nyigu. Sakafu tuliiziba kwa debe la mafuta ya kupikia lililokunjuliwa, na ukikaa mbele unasoma jina la kiwanda kati ya miguu yako. Kwenye kazi ya chini ya gari tulikuwa na utaratibu ambao hatukuupanga wala kuutaja: akiwa chini yeye, mimi nakaa juu nampa spana, nikiingia mimi, yeye anatoka. Baba na binti aliyekua hawalali pamoja ubavu kwa ubavu, hata chini ya sanduku la gia. Niliiona haya hiyo ikifanya kazi ndani ya mikono yangu mwenyewe na nikaichukia, na bado nilisubiri atoke ndipo niingie.

Alikuwa na mdomo mtoto yule. Aliniambia nashika spana kana kwamba nataka kuihutubia. Nilipolaani nati iliyokataa kufunguka, akaniuliza kama nati hiyo nayo ni mwanachama wa kamati ya kahawa.

Siku ya kusafisha ndani alikuta waya. Ulikuwa umetandikwa nyuma ya viti vya mbele, kutoka ubavu huu wa gari hadi ule, umekazwa kwenye kulabu mbili. Chini ya kiti kirefu, ndani ya kiota cha panya, kulikuwa na kitambaa cha maua kilichotafunwa. Akaniuliza waya ni wa nini. Nikamwambia wa kutundikia koti la Sabato lisikunjike, ndivyo mzee alivyo, anajali koti kuliko watu. Nikaung'oa. Waya ulikuwa mzuri, haukuwa na kutu, na ekzosi ilikuwa imepoteza kishikilio chake, kwa hiyo nikauzungusha mara mbili na kuifunga nao. Kitambaa tulikifanya cha kupangusia grisi.

Mipira ya breki na tairi mbili tulizifuata Keumbu, kwa Onchiri mwenyewe. Alikuwa ameacha malori, ana uwanja wa magari mabovu nyuma ya soko. Alipomwona Bosibori alimtazama muda mrefu, akauliza huyu ndiye yule. Nikasema ndiye. Akatupa mipira, akatupa tairi, na kila nilipoingiza mkono mfukoni alinisukuma. Tulipokuwa tunafunga tairi kwenye mkokoteni ndipo alipoongea, akiangalia kamba.

"Nilikuwa na jiwe mkononi, Ogari. Nilikuwa nalo. Nikasema nivunje kioo cha mlango, niingie, niwashe kwa nyaya. Wazee wakaniambia kioo cha Mzee Josiah tutakitoa wapi. Nikalitupa jiwe."

Njia nzima kutoka Keumbu nilisukuma mkokoteni nikitukana. Niliwatukana wazee wale mmoja mmoja kwa majina, walio hai na waliokufa. Kioo! Watu kumi na tano walisimama wakakipima kioo na mwanamke, wakaona kioo ni ghali. Ndiyo maana tunaibiwa, nikamwambia Bosibori. Ndiyo maana karani anatupunja kilo na sisi tunamwamkia. Tunaogopa kuvunja cha mkubwa hata kama ndani yake umo uhai wetu.

Alisukuma mpaka tukafika mtoni, mto uleule, maana unauzunguka mlima wetu.

"Na wewe ulikuwa wapi?" akauliza.

Nikamwambia anajua nilipokuwa. Akasema anajua ni mahabusu. Anachouliza ni kama nilijua mama yake ana mimba ya miezi tisa siku niliyokwenda kuitisha mkutano. Nikamwambia watu mia nne walikuwa wanaibiwa. Akasema sawa, watu mia nne. Akashika mpini wa mkokoteni tena. Hakuniuliza kwa ubaya. Nilikasirika mpaka nyumbani, na kwa mara ya kwanza sikujua vizuri nimemkasirikia nani.

Wiki ya tatu gari lilikuwa tayari. Betri tuliazima. Petroli galoni mbili. Mama yangu alikuja akalizunguka mara moja, akarudi jikoni. Ikabaki ufunguo. Nilimwambia Bosibori aniachie, nitaita wazee wa ukoo, nitamwita mzee mbele yao. Nilikuwa nimeshaandika maneno kwenye karatasi.

"Utamwambia nini?" akauliza. "Utataja kuzaa mbele ya baba yako? Huwezi. Umeshindwa miaka yote, utaweza kwa sababu una karatasi?" Akapangusa mikono kwa kile kitambaa. "Mimi naweza. Mimi ni mke wake."

Hilo nalo ni la kwetu. Mjukuu na babu hawana haya. Babu, ambaye kwetu ni sokoro, humwita mjukuu wa kike mke wake, naye humtukana babu atakavyo, na hakuna lisilosemeka kati yao. Katika boma lile lote yeye tu ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuuliza, na mimi, mwenye kujiona najua kupanga watu, sikuwa nimeliona.

Nikamkataza. Nilisema hili ni langu. Jumapili asubuhi akaenda.

Mimi nilikuwa chini ya gari. Ule waya wa ekzosi ulikuwa umelegea, nimelala chali naukaza kwa koleo, shati nimevua, miguu nimeipanua huku na huku imetokeza nje na gambuti zake. Nikasikia fimbo. Kisha nikaona viatu vya mzee, vile vyeusi vya kanisani ingawa Sabato ilikuwa jana, na kando yake miguu mitupu ya Bosibori. Nikaganda. Mwana hajilazi vile mbele ya baba yake, kifua wazi, mapaja yametanuka. Kutoka nisingeweza bila kumtambalia miguuni. Na gambuti zangu aliziona, angewezaje kutoziona? Alizitazama, nadhani, kisha akageuza debe tupu akalikalia, mgongo kwangu.

Wakaanza kwa mizaha yao. Mzee alimwambia mke wake siku hizi ananuka petroli, chakula chake kitawaka tumboni. Akajibiwa kwamba mume asiye na meno hana haki ya kuchagua chakula. Akacheka, akagonga mlango wa gari kwa fimbo, taratibu, kama mtu anayempima ng'ombe.

Halafu Bosibori akasema, kwa sauti ileile ya mzaha isipokuwa mwishoni ilipungua:

"Sokoro, mbona hukumpeleka mama?"

Kuku mmoja alikuwa anachakura karibu na tairi. Nilimsikia kila ukucha. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mzee yule swali hilo. Ukoo mzima, kanisa zima, miaka yote ile.

"Nilifungua mlango wa nyuma," akasema. "Niligeuza uso, nikamwambia nyanya yako amlete. Wakamtoa nje. Alipoona ni mimi nitakayeendesha, alishika nguzo ya mlango wa nyumba. Akasema na baba mkwe siendi, heri nife. Na nitakuambia kweli, mke wangu, kwa sababu ni wewe. Aliposema hivyo nilishukuru. Na mimi sikutaka. Nilishukuru kwamba amesema yeye."

Fimbo ikachora kitu kwenye vumbi.

"Tulikataa wawili. Lakini ufunguo nilikuwa nao mimi. Ningeuacha mezani. Nilitembea mpaka Keumbu nao ukinigonga pajani, na sikukumbuka hata mara moja kwamba gari haliendi bila huo."

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeinoa kuliko panga, ina mwanzo na ina katikati na mwisho wake ungemwangusha ng'ombe dume. Na sasa alikuwa ameniingizia Nyanchera ndani yake, ameshika nguzo ya mlango. Nilitaka kusema ni uongo. Maiti hajibu, unaweza kumtwika lolote. Lakini nilimjua mke wangu. Mzee akikohoa njiani yeye alikuwa anaingia kwenye mahindi mpaka apite. Hata mama yangu alijua, akanificha, ili nisimkasirikie marehemu. Nilimkasirikia. Nililala pale chini nikamkasirikia Nyanchera, na mzee, na wazee wa kioo, na yule mpumbavu aliyekuwa anasoma hesabu za mizani Kericho, na machozi yakaniingia masikioni kwa sababu nilikuwa nimelala chali.

Mzee alikuwa hajamaliza.

"Baada ya mazishi nilienda mjini nikanunua waya na kitambaa. Nikavifunga nyuma ya kiti cha dereva. Pazia. Aliye mbele hamwoni aliye nyuma, wala aliye nyuma hamwoni aliye mbele. Kazi yenyewe ilinichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Nikakaa ndani nikalitazama. Muda wa kikombe cha chai, Bosibori. Ndipo nikafunga gari na sikulifungua tena." Akainama kidogo kuchungulia ndani. "Ule waya uko wapi?"

Ulikuwa juu ya pua yangu. Umezungushwa mara mbili kwenye bomba la moshi, na koleo langu bado limeuuma. Na Bosibori, niliona mkono wake ukishuka kando ya paja, alikuwa ameshika kitambaa cha maua kilichojaa grisi.

"Upo, sokoro," akasema. "Tata anao."

Hapo ndipo ningetoka. Ndiyo saa niliyoingoja tangu 1960, baba yangu amekiri mwenyewe, kwa mdomo wake, na mimi nasikia. Nikafungua kinywa. Kilichotoka ni hiki:

"Bosibori, mwambie babu yako gari liko tayari, linangoja ufunguo."

Hakumwambia. Hakukuwa na haja.

"Mwambie baba yako simpi yeye," mzee akasema, akiangalia migomba. "Ana kichwa kama changu. Ataondoka nao kwenda mkutanoni." Nikasikia akihangaika na fundo, kamba ilikuwa imekaza, Bosibori akamsaidia. "Nakupa wewe. Na usiutie mfukoni. Uache palepale kwenye swichi, mchana na usiku. Atakayeliiba na aliibe."

Kisha akainuka, akasogea mpaka kwenye kahawa, akanipa mgongo ili nipate kutoka.

Sikutoka bado. Nilifungua waya kwanza. Ekzosi ikaniangukia kifuani na kutu ikanijaa machoni, nikaapa kwa yote niliyoyajua. Nilitoka nikavaa shati. Niliingia ndani ya gari nikazitafuta zile kulabu, nikaufunga waya mahali pake, nyuma ya kiti cha dereva, nikaukaza mpaka ukalia ukiguswa. Watu walikuja kusema baadaye kwamba Ogari amepatana na baba yake, amerudi kwenye heshima. Waongo. Kwa heshima yenyewe nisingeufunga hata kwa bunduki. Niliufunga ili kwenye mlima huu asibaki mtu hata mmoja mwenye kisingizio.

Mama yangu alitoka na shuka lake la kitandani, jeupe, akampa Bosibori dirishani alitundike kwenye waya. Ekzosi niliifunga kwa kamba ya katani.

Liliwaka mara ya tatu. Moshi ulitoka mweusi, kisha wa bluu, na mlio wake ulikuwa wa trekta. Bosibori alikuwa usukani. Leseni hakuwa nayo. Nilisema wakitushika nitalala ndani mimi, nimezoea. Mzee aliingia mbele kumwonyesha gia. Mimi nikakaa nyuma, peke yangu kwenye kiti kirefu, pale ambapo Nyanchera angelala. Shuka likavutwa. Sikumwona baba yangu tena isipokuwa kivuli cha kofia.

Hatukukubaliana tunakwenda wapi. Bosibori alipofika barabarani aligeuza kushoto, upande wa mjini, na hakuna aliyemuuliza. Alikwenda polepole, gari likiruka kama mbuzi kila alipobadilisha gia, mzee akisema kanyaga, achia, kanyaga, achia. Mara moja alisimama ng'ombe wavuke. Mtoni injini ilizimika, au aliizima, sijui. Tukakaa. Maji yalikuwa mengi kwa mvua za mwezi ule. Akauliza bila kugeuka kama ni hapa, na wanaume wawili ndani ya gari lile, mmoja mbele ya shuka na mmoja nyuma, tukashindwa kumjibu. Akawasha.

Alisimama langoni mwa hospitali. Mlinzi akatujia akitaka kujua mgonjwa yuko wapi. Bosibori akamwambia hakuna mgonjwa. Alizima injini, ufunguo akauacha kwenye swichi.

Mbele ya shuka nilisikia kifuniko cha saa ya mfukoni kikifungwa. Mzee alinong'ona kitu, na Bosibori akanirushia nyuma maneno.

"Tata, sokoro anasema tumetumia dakika ishirini na mbili."

Nikamwambia amwambie na mimi nilikuwa nahesabu.